Nyongeza

Umenitangulia mlangoni, Candiru,
vumbi la Arua lingali kwenye mikunjo ya viatu.
Usiku kucha umelala ukiwa umekaa,
Karuma umeivuka bila kuiona,
na sasa unanipenyezea karatasi yako dirishani
kama mtu anayerudisha dukani sahani iliyopasuka.

Naisoma, ingawa naijua.
Tuliisoma wiki nzima, mimi na kompyuta:
Biolojia mara tatu, Kemia mara tatu,
Hisabati mara mbili, na hapo uliteleza kidogo,
kisha nyongeza ya wasichana, moja na nusu,
kisha makombo ya Kidato cha Nne:
aliyeng'ara, nukta tatu; aliyejitahidi, nukta mbili;
aliyeburura mguu hadi akapita, nukta moja.
Jumla, hamsini na moja nukta moja.
Mlango wa udaktari mwaka huu umefungwa
kwenye hamsini na moja nukta mbili.

Moja ya kumi.
Nimeitafuta juu ya meza hii, haishikiki.

Mama yangu aliuza ufuta soko la Odramacaku.
Alijaza kikombe, akakisawazisha kwa kiganja,
halafu akachota tena kwa vidole vitatu, akamwagia juu.
Nyongeza.
Mteja hakuondoka bila hiyo.
Bila hiyo, alisema, hujauza, umepima tu.

Hapa tunapima tu.

Nimekuuliza, Kemia ya Kidato cha Nne ilikuwaje?
Umecheka kwa pua.
Bureti mliiona siku ya mtihani,
kumi na wanne kwa bureti moja,
na zamu yako ilipofika, bomba lilikuwa linavuja
na msimamizi anatazama saa.
Basi ndiyo hiyo. Ndiyo moja ya kumi yako,
ilidondoka tone kwa tone
kwenye sakafu ya darasa, miaka miwili iliyopita.

Aliye juu yako anaitwa Ssekitoleko.
Shuleni kwao bureti zimejaa kabati mpaka zinashika vumbi.
Sina neno naye. Kasoma.
Kwenye picha ya fomu macho yake yana usingizi kama yako.

Utaniuliza viti vya wilaya.
Viko. Cha udaktari, kwenu, kimepata mwenyewe,
kijana aliyezaliwa Kololo, akasoma Kololo,
na Arua huenda Krismasi, akiwa na kinga ya malaria.
Babu yake amezikwa huko.
Kaburi limemwombea kiti.

Na mimi nani niseme?
Mimi nami niliingia hapa kwa kiti cha wilaya.
Bwenini waliniita "Wilaya",
Wilaya, leta chumvi, Wilaya, zima taa,
miaka mitatu, nami nikiitika.
Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipata ngapi.
Nilipata nyingi.

Nje, kongoti ameshuka juu ya pipa la takataka,
anachambua kwa utulivu,
hiki ndiyo, hiki hapana.
Nimegeuza uso nisimwone.

Uuguzi umepata, nimekuambia, soma mstari wa chini.
Umesoma. Umekunja karatasi mara nne,
ukaifungua, ukaikunja upya mahali palepale.
"Hiyo nukta moja," umesema,
"mkishamnyima mtu, huwa mnaiweka wapi?"

Nimekorofisha mihuri, nikaipanga.

Kisha umetoa mfukoni kikopo cha odii, kimefungwa kwa nailoni,
mama yako kasaga mwenyewe.
Si hongo, umesema, ni nyongeza.
Nimekirudisha kwa ncha ya kalamu,
maana kanuni imebandikwa ukutani juu ya kichwa changu,
na nyongeza, mwanangu, hufuata mauzo.
Hapa hatujauziana kitu.

Umeondoka. Mafuta ya ufuta yameacha duara kwenye mbao.
Nimelifuta kwa kidole, nikakilamba
kabla sijaita anayefuata:
hamsini na moja kamili,
amekuja na baba yake.