Lafudhi ya Mchanga

Uliletwa ndani ya kopo la tumbaku,
kiganja kimoja, si zaidi,
na meja mwenye mafua akaliweka mezani kwangu
kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.
"Umetoka wapi?" akauliza.
Si mimi. Mchanga.

Washington, Januari, theluji imegeuka tope.
Puto lilikuwa limeanguka huko Montana,
karatasi na gundi, pana kama nyumba,
likaning'inia juu ya misonobari na mabomu yake,
na mkata magogo mmoja, badala ya kukimbia,
akapasua kifuko kilicholipa puto uzito
akajaza kopo lake. Tumbaku aliimwaga.
Huyo, nasema hadi leo, alikuwa mwanasayansi.

Sisi tulikuwa saba katika chumba cha chini,
bomba la joto likikohoa ukutani.
Kabla ya vita nilikuwa napanga visukuku vya kome
waliokufa miaka milioni ishirini iliyopita,
na hakuna aliyewahi kunipigia simu.
Sasa mlangoni kasimama askari
analinda hadubini yangu.

Orrin Tackett walimpeleka visiwani
awaonyeshe wahandisi matumbawe yapi yatabeba ndege.
Yalibeba. Yeye hakurudi.
Nyundo yake imo kwenye droo, mpini umezungushiwa plasta.

Mchanga hauna pasipoti, lakini una lafudhi.
Nikautandaza kwenye kioo, nikausikiliza kwa jicho.
Matumbawe: hata chembe.
Basi si kusini, kwenye bahari vuguvugu.
Sumaku ikainua punje nyeusi, nyingi,
volkano iliyosagwa na mawimbi ikawa unga.
Itale: kidogo, ya kutafutwa.
Halafu, siku ya nne, yakajitokeza yenyewe
magamba madogo kuliko chumvi,
yamejikunja kama sikio la kichanga,
kila moja lina mistari kumi na mmoja.
Nikahesabu tena.
Nikainuka, maana hesabu hiyo niliijua.

Kwenye rafu ya nyuma nikachomoa kijitabu
cha Bwana Kurahashi, mwaka thelathini na nne,
kurasa tisa juu ya ufuo wa nyumbani kwao.
Tuliandikiana miaka sita bila kuonana.
Alinitumia magamba ndani ya kisanduku cha kiberiti,
nami nikamtumia ya Chesapeake.
Jalada la ndani, wino wa buluu:
"Kwa Bi Lindqvist, anayeona vilivyo vidogo.
Sampuli hizi waliziokota binti zangu."
Ukurasa wa tano, mchoro wa pili:
kumi na mmoja.

Ningeweza kusema sijui.
Watu husema sijui kila siku, na jua linachwa vilevile.
Lakini kule misituni kuna watoto pia,
na puto lijalo halitachagua mti.
Niliketi na kijitabu mapajani hadi chai ikaganda utando.
Kisha nikachukua penseli,
nikachora duara kwenye ramani, dogo kama sarafu.
Meja akapenga kamasi, akasema asante.

Machi walituletea picha iliyopigwa kutoka angani.
Ufuo ni uleule: ulimi wa mchanga, mdomo wa mto,
kama alivyouchora yeye.
Nyuma yake, moshi.
Wenzangu walipiga makofi, na sikuwalaumu;
nadhani hata mimi nilipiga, mara moja au mbili.
Kisha nikashika lenzi, nikaanza kuhesabu paa zilizobaki
kwa utaratibu ule ule, kushoto kwenda kulia.
Nilifika tisa. Pumzi yangu ikafunika kioo.

Barua nimemwandikia mara nyingi tangu amani irudi.
Zote zinaanza: Hawajambo mabinti?
Na zote zinaishia hapo.

Kopo ninalo. Bado linanuka tumbaku.
Nikilitikisa karibu na sikio
mchanga husema neno moja tu kwa lafudhi ya kwao,
jina la mahali,
lile nililolitaja mimi.