Mizani ya Usoke

Jenereta lilizimika babu akiwa katikati ya barabara,
kofia imemfunika jicho, mkono kiunoni,
na yule tajiri wa ng'ombe hatua ishirini mbele yake.
"Petroli imekwisha," akasema Sadala, mwenye banda la video.
Tukazomea. Usiku mzima mtafsiri alikuwa akimwita Babu Bastola,
babu wa kikohozi, hapandi farasi
mpaka asukumwe makalio,
aliyetoka mbali kudai damu ya mdogo wake.

Nyuma yetu, juu ya kreti la soda,
Kalimanzila hakuzomea.
Miaka thelathini alilinda tembo wa Ugalla;
sasa mkono wa kulia ulitetemeka
hata chai aliinywa kwa kushoto.
Msimu ule alipeleka chamani marobota sita ya tumbaku.
Mgongo wake ulisema kilo mia nne.
Karani Kasubi aliandika mia tatu kasoro ishirini.
Na mdogo wake, Igulu, mwaka wa juzi,
alirudi na karatasi ya deni la mbolea
akaingia ndani ya bani, akajifungia.
Tulivunja mlango.

Asubuhi mzee akapita na gobore ndani ya gunia.
Mama zetu walitushika masikio wakatuingiza ndani.
Mimi nilitokea uani.
Treni ya Kigoma ilipiga honi, hakuna aliyegeuka.
Kasubi alimwona toka dirishani; kalamu ikamponyoka.
Mzee akavuka uwanja wa ghala, goti likilia,
hatua ishirini, nilizihesabu,
akafungua gunia
akalilaza gobore juu ya mizani.

"Pima."

Kasubi hakupima. Mshale ulipima wenyewe:
kilo tatu, hata hazijatimia.
Ndipo Kalimanzila akatoa mfukoni kadi ya kliniki,
ile ya watoto wachanga, mwandiko wa nesi Kalunde:
*Jina: Gobore. Mama: hajulikani.
Uzito: kilo nne na robo.*

Akacheka mpakiaji mmoja.
Kisha hakuna aliyecheka.
Stakabadhi zikaanza kutoka, kwenye pindo za kanga,
ndani ya kofia, ndani ya Kurani, ndani ya kopo la asali,
watu wakijumlisha kwa vidole, kwa njiti za kiberiti,
na mwanamke mmoja, mjane wa Igulu,
akijumlisha kwa midomo tu, bila sauti.

Baruti? Hakuwa nayo hata punje.

Kasubi alihamishwa. Wengine walilipwa nusu,
wengine mpaka leo wanaambiwa wiki ijayo.
Miaka ikapita, nikaenda shule Tabora mjini,
nikaikuta ile filamu, nikaiona mpaka mwisho.
Likizo mzee akaniuliza:
"Yule wa farasi. Iliishaje?"
Nikautazama mkono wake.
"Petroli iliisha tena, babu."
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
akahamishia kikombe mkono wa kushoto.