Hesabu za Giza

Swali niliandika kwa penseli, nipate kulifuta:
mbona darasa la tano, hapa Igombe,
huchangamka wiki mbili, kisha husinzia?

Nikapiga vijistari kwenye kaunta buku.
Nani kanyoosha kidole. Nani kalalia dawati.
Limi, siku nne mfululizo,
shavu juu ya robo na theluthi.
Mwalimu Masalu akacheka ofisini:
"Utafiti gani huo, wa kuhesabu miayo?"

Mwezi wa tatu wa vijistari
kitu kikang'aa kwenye ukucha wa Limi:
gamba la dagaa.
Nikaitazama upya kalenda ya ukutani,
ile yenye miandamo.

Siku za giza karabai huwaka ziwani usiku kucha,
alfajiri dagaa humwagwa mchangani,
na mikono ya kuwaanika ni hii, midogo,
inayoacha harufu madaftarini.

Miaka tisa nimeandika "mvivu" kwenye ripoti.
Kwa wino.

Sasa sehemu nafundisha wakati wa mbalamwezi.
Siku za giza tunapima: ndoo, nusu ndoo, robo.
Limi hunisahihisha.

Kwenye safu ya mwisho ya kaunta buku
nimeandika jina langu.
Bado sijui nijipigie vijistari vya nini.