Gramu Kumi na Moja

Siku ya tatu Mheshimiwa hajasema neno.
Amejitutumua manyoya, kidonge cha pamba ya kijivu
chini kabisa ya tundu, mbali na kijiti chake.
Jicho linajifunga kuanzia chini kwenda juu,
kinyume cha macho yetu.

Aikande ndiye aliyemwita Mheshimiwa,
kwa kuwa alihutubia tangu alfajiri
na hakuna aliyemwelewa.
Kisha Aikande akaenda bweni, Marangu,
akaniachia tundu, mfuko wa uwele, na daftari:
*Maji abadilishiwe kila asubuhi.
Asikae dirishani, mlima unapuliza baridi.
Uongee naye, Baba. Hata habari za mashine.*

Mimi si mtu wa maneno.
Nasaga mahindi hapa Pasua mwaka wa kumi na tisa;
mashine huongea kwa niaba yangu.

Leo nimefunga kabla ya saa sita.
Kwenye duka la dawa za mifugo, kijana Elirehema
aliuliza: ng'ombe, au kuku?
Nikafunua boksi la viatu.
Hakucheka. Aligeuza kopo, akasoma maandishi madogo,
akakuna kichwa. "Hapa wameandika kuku mia.
Huyu ana uzito gani, mzee?"
Mizani yangu inajua magunia tu.

Basi kwa Hirji, sonara,
mwenye mizani ndani ya kioo
ili pumzi ya mteja isipandishe bei.
Akamlaza kwenye kisahani cha shaba.
Gramu kumi na moja.
"Pete mbili za ndoa," alisema, "tena nzito,"
kisha akainuka akazima feni,
wala sikuwa nimemwomba.

Msangi wa chumba cha pili ananipigia hesabu mlangoni:
ndege wa elfu nne, dawa ya elfu sita,
na mashine imelala mchana kutwa!
Nimemwacha aendelee kujumlisha.
Ninayo globu moja ya zamani, ile yenye joto,
si hizi nyeupe zinazomulika bila kupasha.
Nimeitundika juu ya boksi, nikafunika kwa kitenge
cha mama yake Aikande,
ambacho tangu msiba hakijatoka sandukuni.
Tone la dawa kwenye ncha ya njiti, pembeni mwa mdomo.
La kwanza likadondoka.
La pili, koo likatikisika.

Saa saba usiku umeme ukakatika.
Julai ya Moshi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati.
Nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, nikaivika soksi;
yakapoa kabla sijapata usingizi.
Nikamtia kifuani, ndani ya sweta.
Moyo wake haukupiga, ulitetema tu,
kama mashine inapozunguka bila punje.

Basi nikaongea.
Nilimweleza bei ya debe, mkanda uliokatika Jumanne,
deni la dizeli ambalo Msangi halijui.
Nilimweleza jinsi mama yake Aikande alivyokunja kanga,
pembe kwa pembe, akiibana kwa kidevu,
na siku ile hospitalini alivyonitaka niseme kitu, chochote,
nami nikamwuliza kama amekunywa uji.
Mtaani husema fulani ana mdomo kama chiriku.
Usiku ule chiriku nilikuwa mimi,
na chiriku alinyamaza kama mwanamume wa kwetu.

Kulipokaribia kupambazuka, kitu kililia ndani ya sweta.
Wimbo haukuwa. Ilikuwa bawaba inayodai mafuta.
Halafu kinyesi, cha kijani bado, kwenye shati langu safi,
nami nikakitazama kwa furaha
ambayo sitamsimulia mtu.

Sijui.
Elirehema amesema siku tano, asipokufa.
Jumapili ni siku ya wazazi bweni.
Nimefungua daftari, na chini ya mwandiko wake
nimeandika kwa herufi zangu za kuandikia magunia:

*Alhamisi. Punje tatu za uwele. Tumeongea.*