Mkono Mmoja Mgongoni

Nyuma ya kiti cha nyuma limelala sanduku,
na ndani ya sanduku seli ishirini na nane
zimesimama wima kama daftari za hesabu
nilizozitunza miaka tisa
kabla kiwanda cha sufi hakijafungwa.
Tatu zimekufa. Nilizipima usiku kucha,
nikaandika volti zake kwa kalamu ya risasi
kwenye kadibodi ya biskuti.

Gereji ya mjini walinitajia bei
ya farasi wawili na tandiko.
Nikashukuru, nikafunga mlango kwa adabu.
Gari lenyewe lilifika Ulaanbaatar
likiwa limekwisha kuzeekea Japani,
usukani kulia katika nchi inayopita kulia.
Mimi na lenyewe tulikuwa tumeshazoea
kukaa upande usiofaa.

Damdinsuren, jirani, ndiye aliyenifunza:
Chomoa kizibo cha rangi ya chungwa,
kitie mfukoni mwako, si mwa mtu mwingine.
Subiri dakika kumi, hata baridi ikutafune,
maana umeme uliokatwa bado una kinyongo.
Fanya kazi kwa mkono mmoja,
wa pili uweke mgongoni
kama anayemfichia mtoto peremende.
Alinionyesha kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia una vidole vitatu na nusu;
siku yake alisubiri dakika mbili.

Nikazibadilisha zile tatu. Taa ya onyo ikazimika
kama jicho la mama mkwe, aliyeridhika kwa muda.

Basi nikapata kiburi.
Nikavuta waya kutoka betri ya volti kumi na mbili
hadi kwenye inveta niliyoinunua sokoni
kwa mtu aliyeuza pia viatu vya manyoya na pembe za kulungu.
Waya ulikuwa mwembamba. Niliujua wembamba wake.
Fyuzi niliiandika kwenye kadibodi, mstari wa mwisho:
kununua.
Kisha nikaigeuza kadibodi.

"Usichokonoe kilichoundwa na wenye shule,"
alisema Choijil, mume wangu,
ambaye huvuta umeme wa jirani kwa waya wa kuanikia nguo.

Ukaja usiku wa nyuzi arobaini chini ya sifuri,
mtaa mzima wa mahema ukawa giza
kuanzia kilimani hadi barabara ya lami.
Mtambo wa oksijeni wa baba mkwe ukalia mara tatu,
ukanyamaza.
Nikapitisha waya chini ya ukingo wa hema,
nikawasha gari,
nikakomba theluji kwenye bomba la moshi kwa kiganja.
Mtambo ukavuta pumzi,
na mzee pamoja nao.
Injini iliwaka yenyewe, ikazimika yenyewe,
ikawaka tena, kama mtu anayeamka
kumwangalia mgonjwa.
Choijil hakusema kitu. Alimimina chai ya chumvi,
bakuli langu kabla ya lake.

Alfajiri umeme ulirudi.
Nikainama kwenye buti kuukunja waya wangu,
nao ukaja na zulia.
Ganda lake lilikuwa limeyeyuka urefu wa shubiri,
likang'ang'ania nyuzi,
kahawia, halafu nyeusi,
halafu tundu la kupitisha kidole.
Tangi la petroli halikuwa mbali na hapo.
Hatua moja. Sikuipima; hiyo sikuitaka kwenye hesabu.

Ndani ya hema mzee alikuwa akimwambia mgeni:
"Mkwe wangu ana mikono ya daktari."
Mikono yangu ilinuka plastiki.

Fyuzi ilikuwa bei ya mkate.
Nilinunua mbili, na waya mnene kama kidole gumba.
Nikafunga kwa mkono mmoja, wa pili mgongoni,
ingawa volti kumi na mbili hazijulikani kwa ukali.
Damdinsuren alipita, akatazama, akaenda zake.
Kisha nikaigeuza kadibodi,
nikafuta mstari wa mwisho,
nikaona kwamba chini yake
pana nafasi ya mwingine.