Siku Saba, Toa Mbili

Likizo ni siku saba, mhasibu mkuu kasaini.
Toa mbili za ndege, kwenda na kurudi.
Toa mbili za kulala tu mjini Leh,
maana daktari wa Muhimbili kaapa
damu ya mtu wa Buguruni haijui kupanda
mita elfu tatu na mia tano kwa asubuhi moja:
"Mama Zamaradi, ukifika, keti. Kunywa maji.
Usikimbilie picha."
Zimebaki tatu.
Nimezizungushia duara kwenye kalenda ya duka la saruji,
kalamu ikatoboa karatasi.

Nyumba yetu iko juu ya bahari kiasi cha mnazi mmoja,
na masika yakija hata huo mnazi nautilia shaka.

Jumamosi nilikwenda Karume, kwenye marobota,
kutafuta koti ambalo mji huu haujawahi kulihitaji.
Muuzaji alicheka mpaka akakaa.
"Hili, dada, nimelitandika chini miaka miwili,
paka amezalia humu."
Elfu nane. Akanipunguzia elfu kwa ajili ya paka.
Mfukoni nikakuta tiketi ya treni, lugha siijui,
nikairudisha palepale:
msafiri hamnyang'anyi msafiri.

Kulijaribu nilikwenda Feri, chumba cha barafu.
Shemeji Pazi akanifungia na majodari dakika kumi,
akawa anagonga mlango: "Upo?"
Nipo. Meno yanagongana kama vikombe kwenye sinia.
Pumzi ikanitoka, nikaiona.
Miaka hamsini na minne nimeishi nayo,
hatukuwahi kuonana.

Zamaradi ana orodha yake:
ziwa la buluu, kibali, gari, dereva.
"Mama, usipoliona ziwa, huko umefuata nini?"
Nimelifuta ziwa, linataka siku mbili.
Nimeifuta barabara inayopita juu ya mawingu,
nimefuta na ngamia wa nundu mbili,
ingawa huyo kanisikitisha.

Kimebaki kijiji kimoja, saa mbili kwa gari,
chini ya hekalu lililogandia mwambani kama kiota cha mbayuwayu,
na jina juu ya boksi la vidonge,
mwandiko wa mkono unaotetemeka:
Rigzin.

Kitanda cha kumi na saba, Delhi, wodi ya moyo.
Mume wangu, cha kumi na nane.
Lugha hawakuwa nayo. Walikuwa na chupa moja ya chai,
chai ya chumvi na siagi; Mbwana akanywa, akakunja uso,
akaomba tena.
Walikuwa na mishmishi kavu ndani ya soksi.
Mzee akizungusha kigurudumu chake cha sala, krrr, krrr,
usiku kucha,
upande wa huku Mbwana anavuta tasbihi.
Muuguzi aliwagombeza wote wawili kwa haki sawa.

Tuliporudi nikakuta ndani ya begi
kifuniko cha ile chupa, cha bati, kimebonyea ubavu.
"Tutakirudisha," Mbwana akasema.
Akasema hivyo mwaka mzima na miezi minne,
kisha nikabaki nacho mimi, kabatini,
nyuma ya sukari.

Jirani kaniuliza, jicho pembeni:
"Kwenye masanamu huko, una nani?"
Jirani wa kitanda, nikamwambia.

Sijui kama yu hai. Simu yake huita, hukatika.
Pengine nitamkuta mjukuu,
pengine kufuli, na mbwa asiyenijua.
Dawa ya deni ni kulipa; hawakusema
mdai lazima awepo.

Usiku huu umeme hakuna. Nimepanga begi kwa mshumaa:
soksi, vidonge, korosho za Mtwara kilo mbili.
Koti limekataa kuingia. Nimelivaa,
nimepanda nalo ngazi za ghorofa ya Mama Tabu,
thelathini na sita, jasho mpaka visiginoni,
nikaketi juu kabisa, kama alivyoagiza daktari,
nikajimiminia maji kwenye kifuniko.
Kinaingia mafunda matatu.
Nimekisuuza. Nimekifuta. Nimekirudisha mfukoni.