Uso wa Majengo

Mandazi yalikuja yamefungwa kwa karatasi ya kitabu cha historia,
na ndani ya mafuta, uso:
mfalme wa Misri, jiwe jeusi, pua hakuna,
kope nzito kama za mtu aliyekesha na mgonjwa,
masikio mapana kuliko kilemba.

Musubao akaweka nyundo chini.
Miaka kumi na tisa anapasua volkano iwe mawe ya ua,
hajawahi kuona jiwe lililochoka.
"Huyu ni Kyakimwa," akasema,
yule anayetubebea mawe, kamba kwenye paji.

Akachukua bonge lililogandia mlangoni kwa marehemu baba yake,
akaanza na kope. Zikakubali.
Lakini jiwe la Goma lina vitundu, kama bado linapumua;
pigo la tatu, pua chini.
Ya mfalme ilisubiri maelfu ya miaka.
Hii, Jumanne, kabla ya saa sita.

Kyakimwa akatua mzigo, akatazama.
"Pua yangu mmeipeleka wapi?"
Akacheka. Kisha, polepole:
"Na jina utaliandika upande gani?"

Jioni mwenye ua akahesabu, likapungua jiwe moja.
Likaingia lile, uso ndani.

Mimi ndiye niliyekoroga saruji.
Najua ni la ngapi kutoka kona.